Jiwe la Baba Mkubwa

Makongeni, Nairobi
6 Machi 1994

Na huyo Kha wa Misri ya kale, dada, sikuwa nimemaliza habari zake. Wino ndio ulioniishia. Mkewe Merit alikufa kabla yake, na jeneza la mke lilikuwa bado halijawa tayari. Basi Kha akampa lake, lililochongwa kwa kimo chake mwenyewe. Merit akawa mdogo mno humo ndani, ikabidi wamzungushie vitambaa ili asicheze, na vitambaa hivyo vilikuwa na alama ya Kha, vya kwake vya nyumbani. Zaidi ya miaka elfu tatu amelala amefungwa kwa nguo za mumewe! Na Kha hakuwa mfalme. Alikuwa msimamizi wa mafundi waliochonga makaburi ya wafalme, mtu wa kazi kama Sylvance wangu. Nilimwuliza Sylvance, "Wewe ungenipa jeneza lako?" Akasema, "Na mimi nizikwe kwenye nini, godoro?" Halafu akanishika mkono mpaka chai ikapoa. Dada, ndoa ni tamu, sijui kwa nini watu huisema vibaya.

Lakini nimeingia mbio bila hodi. Mulembe, dada Nafula. Mayi hajambo? Goti la mama yetu linamruhusu kufika sokoni, au bado anakaa juu ya gunia la vitunguu akikupa amri? Wewe mwenyewe je, kifua kimetulia? Sisi tu wazima kabisa. Miezi mitatu ya ndoa sasa, na bado Sylvance akirudi kutoka ofisi za reli hupiga mluzi akiwa kule bombani ili nijue ni yeye. Wanawake wanaoteka maji hupaza sauti, "Mama harusi, ndege wako amelia!" Kile kitabu cha Wamisri wa kale alikinunua kando ya barabara, hakina jalada. Kinasimulia watu waliokuwepo kweli, malkia na waoka mikate, na kila jioni hunisomea kurasa kadhaa nikisonga ugali. Namwambia asome polepole, naye husoma polepole. Basi.

Sasa keti nikuambie kilichonifanya nichukue kalamu.

Jumamosi alikuja Ryan, mwana wa Baba Mkubwa Wanyonyi. Ndiyo, huyo huyo. Anakaa mtaa wa Fedha, ana gari jeupe na funguo anazozungusha kidoleni.

"Niaje, sista! Nimeuliza nyumba ya mama harusi, kila mtu ananionyesha."

"Karibu," nikasema. Mikono yangu ilikuwa na unga, nikashukuru, maana sikulazimika kumpa mkono.

Akaketi, akasifu pazia, akala mandazi. Kisha akasema, "Mzee anamaliza mwaka kaburini. Mwezi wa tano tunamwekea jiwe, kitu cha terazo, ile saruji ya kung'aa, watu waalikwe, mchungaji alifunue. Nilisoma kadi yako ya harusi nikasema, huyu ndiye ana maneno. Niandikie ya jiwe, halafu uyapeleke kwa mafundi kule mtaa wa Baba Dogo. Mimi majina ya ukoo nayachanganya, na Kiswahili cha makaburi sikijui."

"Mama yako anajua umekuja kwangu?"

"Ah, Mama ataona siku ya kufunua."

Dada, hana habari! Mwaka ule wa 1987 alikuwa bwenini akifanya mitihani. Hakumwona baba yake akisimama kando ya kaburi la Baba. Mimi nilimwona, na wewe ulimwona. Unajua kwetu kaka mkubwa akisimama kusoma maisha ya marehemu, alilosema ndilo linalobaki. Hakuna wa kumkatiza mbele ya maiti. Naye akasema, kwa sauti ya kanisani, "Ndugu yangu Patrobas ameishi peke yake. Mungu hakumjalia mke wala mtoto." Mayi alikuwa ameketi kwenye nyasi, na sisi wawili kando yake tumevaa magauni ya kitambaa kimoja. Kwa sababu ng'ombe wa mahari hawakukamilika. Kwa sababu sisi ni wasichana. Kwa sababu alilitaka shamba la kahawa. Wiki haikuisha tukawa njiani kwenda Chwele na sufuria vichwani, na msalaba wa saruji wa Baba ukachorwa maneno hayo hayo.

Sasa sikiliza. Kulikuwa na mwanamke Misri akiitwa Hatshepsut. Alitawala kama mfalme, si kama mke wa mfalme, kwa miaka ipatayo ishirini. Alipokwisha kufa, mfalme aliyemfuata akatuma watu wenye patasi, wakalikwangua jina lake ukutani na sura yake pia, iwe kana kwamba hakuwahi kuzaliwa. Kwao mtu ambaye jina lake limepotea hufa mara ya pili.

Sylvance aliposoma hapo niliacha mwiko. Dada, wamenipa patasi! Nitaandika kwenye jiwe la Wanyonyi maneno yake mwenyewe: hakuacha mke wala mtoto. Mchungaji avute kitambaa, Mama Mirriam, mjane wake, asome kwamba yeye si kitu. Nimefurahi hata usingizi unanipaa.

Mkumbatie Mayi. Usimwambie bado.

Mdogo wako anayekupenda,
Nasambu


Chwele
20 Machi 1994

Mdogo wangu Nasambu,

Mulembe. Barua imefika na samaki wa shemeji wamefika pia, ingawa kondakta alimla mmoja, maana mfuko ulikuwa umefunguliwa na mdomo wake unang'aa. Mayi yu mzima kasoro goti. Mimi kifua kimetulia tangu mvua ianze. Vitunguu vinaoza haraka, lakini tunakula.

Nimemsomea Mayi habari za huyo Kha. Akasema, "Patrobas naye angenipa." Akaendelea kuchambua mboga. Ile ya jiwe nimeiruka.

Sasa nikujibu kama dada yako mkubwa. Nilicheka, sikufichi. Nilimwona Mirriam kichwani mwangu akilisoma jiwe, nikacheka mpaka mteja akadhani namcheka yeye. Lakini baada ya kucheka nikafikiri. Ukiandika kwamba Wanyonyi hakuacha mke wala mtoto, huku Mirriam amesimama hapo na kofia yake ya Umoja wa Akina Mama, nani ataamini? Watasema fundi alikuwa amelewa. Wataagiza jingine. Wiki itakayofuata mimi na Mayi tutakuwa hapa hapa nyuma ya soko, na wewe utakuwa umewaharibia jiwe moja tu.

Unataka kujua yanayoniuma mimi? Jumatano Mirriam alipita mbele ya meza yangu na wanawake wenzake. Akainua kitunguu, akakirudisha. "Vya hawa sinunui," akasema, "watu wasio na kwao wanalimia wapi?" Wakacheka wote. Nilikuwa na kisu mkononi, Nasambu. Niliendelea kukata majani ya vitunguu mpaka nikajikata.

Na jambo jingine. Mwezi uliopita Mayi aliugua ile homa, akaniomba nimpelekee Mirriam ujumbe: akifa, azikwe kando ya Baba. Hilo tu. Mirriam akajibu, "Kando ya Patrobas hapana nafasi ya mpita njia." Mayi hakulia. Tangu siku hiyo hata hataji tena kufa, kana kwamba amenyimwa hata hilo.

Kwa hiyo nataka walie, tena zaidi yako. Lakini nataka walie na kitu kimebaki mkononi mwa Mayi.

Halafu nikuulize wewe uliyesoma. Huyo malkia, kama walimfuta kabisa, mwenye kitabu alimjuaje?

Dada yako,
Nafula


Makongeni
10 Aprili 1994

Dada yangu mpendwa,

Mayi hajambo? Kidole chako kimepona? Sisi tu wazima na tumenunua taa ya meza yenye kivuli cha rangi ya waridi. Chumba kimoja kimekuwa kama ikulu. Sylvance ananiita Merit siku hizi, na majirani wanadhani ni jina langu la ubatizo.

Swali lako lilinikera siku nzima, kisha likanifurahisha. Tulirudi kwenye kitabu. Kumbe wale wenye patasi walikwangua kwa kufuata umbo la jina na la mwili wake, na sehemu nyingine hawakuzigusa kabisa. Alama ya kukwangua ikabaki na umbo lile lile. Leo wataalamu wanatazama ukuta wanasema, hapa alikuwa Hatshepsut. Kazi yote ile bure! Nikaona aibu kwa mpango wangu.

Tukasoma mbele. Kulikuwa na mfalme Ramesses, wa tatu wa jina hilo. Wanawake wa jumba lake na watumishi wakala njama za kumwua. Waliposhitakiwa, baadhi yao hawakuandikwa kwa majina yao. Mmoja aliandikwa kwa jina lenye maana ya "Ra anamchukia", Ra akiwa mungu wao wa jua. Hawakumfuta. Walimwandika, na mpaka leo anaitwa hivyo. Nilipiga makofi hata mtoto wa jirani akaamka.

Lakini aliyeniweza ni Naunakhte. Huyu si wa ikulu, ni mwanamke wa kijiji cha mafundi, mama wa watoto wanane. Alipozeeka wengine wakamtunza, wengine wakamtupa. Unajua alifanya nini? Alikwenda mbele ya baraza akasema: niliwalea hawa wote, sasa nimezeeka na hawanitunzi, aliyenishika mkono nitampa, asiyenishika hapati changu. Akawataja mmoja mmoja kwa majina. Mwana mmoja aliyemtunza akaongezewa bakuli la kunawia la shaba. Baraza likaandika yote. Dada, mwanamke wa kawaida tu! Nilimwona Mayi amesimama pale.

Nikachukua karatasi mpya.

Ryan alikuja kuyaangalia maneno. Nilimketisha, nikampa chai, nikamwambia asome yote kwa utulivu kwa sababu jiwe halifutiki. Akasoma mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Alipofika chini akakuna kidevu.

"Poa sana," akasema. "Ila jina langu limekuwa dogo, sista."

"Tutamwambia fundi alikuze."

"Basi safi. Hata sikujua ukoo wetu uko hivi."

Akatia sahihi chini ya karatasi. Kwa mkono wake! Nilimpa mandazi ya njiani.

Jana nilikwenda Baba Dogo. Mwenye kupokea kazi ni mama mmoja, Nthoki, ameketi kati ya mabamba ya terazo, vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi.

"Wa kwako ni nani, mama?"

"Baba mkubwa."

"Pole. Alikuwa mtu mzuri?"

"Hapana."

Akacheka mpaka akakohoa. "Wa kwanza kusema ukweli tangu nianze kazi hii! Hapa wote huwa malaika." Akasoma karatasi, akaniangalia, akasoma tena. "Na huyu aliyetia sahihi ni nani?"

"Mwanawe."

"Basi mimi yangu ni kuchonga."

Nimeyabadilisha maneno, dada, ila sitakuambia niliyoandika. Mayi huwa anakusoma usoni kama gazeti. Nenda siku ya kufunua, umpeleke na yeye, hata kama mtasimama nje ya ua. Na mpaka siku hiyo usiniandikie kuniuliza, maana nitasema.

Mdogo wako mwenye siri,
Nasambu


Chwele
24 Mei 1994

Nasambu, Nasambu, Nasambu,

Habari za afya utazipata mwisho, leo sina subira.

Tulikwenda. Tulisimama nje ya ua na wanawake wa soko, kwenye matope, kwa sababu ndani palikuwa na mahema na viti vya walioalikwa. Mayi alikuwa amejifunga kile kitambaa cha buluu. Mirriam alituona, akamnong'oneza jirani yake, wakatazama viatu vyetu. Ryan alikuwa na miwani ya jua, na jua lenyewe halikuwepo.

Mchungaji akaomba, akavuta kitambaa, akaanza kusoma kwa sauti ile yake ya kipaza sauti hata kisipokuwepo. "Hapa amelala Wanyonyi. Mume wa Mirriam. Baba wa Ryan." Watu wakasema amina. Mirriam akajifuta jicho lisilo na kitu. Mchungaji akaendelea: "Ndugu yake ni Patrobas, ambaye mkewe ni Rispa, na watoto wake ni Nafula na Nasambu."

Alikuwa ameshasoma kabla hajaelewa anachosoma.

Nasambu, nilisikia jina langu likitoka ndani ya ua ule! Mzee Barasa wa ukoo, yule mwenye jicho moja, akasema, "Mchungaji, rudia hapo." Mchungaji akamtazama Mirriam. "Rudia," akasema mzee, "sisi tusiosoma tunataka kusikia." Akarudia!

Mirriam akasimama. "Nani ameandika upuuzi huu kwenye kaburi la mume wangu?"

Na Ryan, mtoto wa mjini, akavua miwani akasema, "Lakini Mama, si ndio ukoo wetu? Mimi ndiye niliyetia sahihi."

Wanawake wa soko nyuma yangu walipiga vigelegele. Mimi nilicheka huku nalia, nikashika ua, na waya ukanichoma, sikujali. Mzee Barasa akainuka na fimbo yake. "Basi nyumba ya Wanyonyi imesema yenyewe. Chifu, umesikia?" Chifu, aliyekuja kwa ajili ya nyama, akaweka sahani chini akasema amesikia.

Wakati wote huo sikumwangalia Mayi. Nilipogeuka hakuwepo. Alikuwa ameshaingia langoni. Alitembea na goti lake katikati ya viti, taratibu, watu wakivuta miguu kumpisha, akafika kwenye hema la wafiwa, akavuta kiti akakaa. Kando ya Mirriam. Akatulia na mikono yake mapajani kama mwenye nyumba aliyechelewa kidogo. Mirriam ndiye aliyeondoka.

Wazee wameitisha kikao mwezi ujao. Sasa wanasema "mke wa Patrobas" wakimtaja. Leo asubuhi wanawake watatu wa kanisa wamekuja kununua vitunguu, wale wale waliocheka. Nimewauzia vile vya juu kabisa, vilivyoota.

Mayi ni mzima. Mimi ni mzima kupita kiasi. Kila usiku ananiambia nimwambie tena jiwe lilivyosema, ingawa alilisikia kwa masikio yake.

Wewe mtoto, wewe.

Dada yako,
Nafula


Makongeni
5 Juni 1994

Dada yangu wa moyoni,

Mulembe, mulembe! Nimeisoma barua yako mpaka imelegea kwenye mikunjo. Nilimsomea Sylvance, akanibeba akanizungusha chumbani tukaangusha sufuria. Mayi goti linaendeleaje baada ya matembezi yale? Nimemtumia dawa ya kuchua kwa basi la Ijumaa.

Ryan amekuja. Jana jioni, bila kubisha hodi.

"Umenichezea, sista."

"Ulisoma au hukusoma?"

"Nilisoma."

"Kuna neno la uongo?"

Funguo hazikuzunguka. Sylvance, ambaye ukimwona ni mpole, akavuta kiti akakaa kati yetu akasema, "Shemeji, chai au maji?"

"Sitaki kitu. Mama yangu amelala kitandani, hali chakula, kwa sababu ya huyu!"

"Mayi wangu alilala juu ya magunia," nikamwambia. "Miaka saba. Kahawa yake ndiyo iliyokulipia bweni. Ulikuwa hujui, sawa. Sasa unajua. Unataka nikuonee huruma kwa lipi?"

Dada, sikujua nina sauti ile. Sylvance alinitazama kama ndio tumekutana siku ya kwanza, na kwa kweli alinitazama vizuri.

Ryan alianza na vitisho, kwamba ataleta mtu wa patasi aukwangue ule mstari. Nikacheka. Nikamwambia, "Ukwangue. Kila atakayepita atauliza hapa palikuwa na nini, na wenye kumjibu ni wengi." Hapo akalegea. Akashika kichwa. Kisha akatoa neno lake jingine: yuko tayari kutuachia shamba la Baba lote, kahawa na nyumba, bila kikao, tukikubali alibadilishe jiwe kimya kimya na maneno yaishe. "Chukueni shamba, tusahau," akasema. "Mama asiaibike tena."

Sasa nashindwa. Unajua nilivyo. Ningependa jiwe libaki hata kama tungeishi sokoni milele. Nataka Mirriam akienda kuweka maua alisome kila mara. Wamisri walikuwa wakiwaandikia wafu wao barua, wakati mwingine ndani ya bakuli la chakula cha kaburini: fulani ananidhulumu, simama unitetee huko uliko. Tulisoma hilo jioni ile ile Ryan alipoondoka, nikahisi nywele zinasimama, kwa sababu mimi barua yangu niliiandika kwenye jiwe la adui na Baba akasimama. Nitaivutaje tena?

Lakini si mimi ninayelala nyuma ya soko. Sylvance anasema mwenye kuamua ni Mayi peke yake. Mwambie yote, usiruke chochote safari hii.

Mdogo wako,
Nasambu


Chwele
14 Juni 1994

Mdogo wangu,

Mulembe. Dawa ya kuchua imefika, Mayi anasema inanuka kama gereji lakini inasaidia.

Nilimsomea barua yako yote. Mimi nilimwambia wazi: tuchukue shamba, jiwe waliweke hata chooni. Nimechoka na soko, Nasambu, sina mapenzi na terazo. Akasema, "Nitajibu kwenye kikao."

Kikao kilikuwa jana ofisini kwa chifu. Ryan alikuja na tai. Mirriam alikuwepo, ameinuka kitandani. Ryan akarudia neno lake mbele ya wazee kwa maneno laini laini, kuhusu amani na familia. Mzee Barasa akamwuliza Mayi anasemaje.

Mayi hakusimama, kwa ajili ya goti. Akasema hivi, na nimeandika kama alivyosema:

"Ryan, mwanangu. Jiwe ni la baba yako, ling'oe ukipenda, sikulichonga mimi. Shamba ni la Patrobas. Hunipi, unarudisha. Mimi nataka jambo moja. Baba yako alisimama pale kaburini akanifanya si mtu, na hakutumia jiwe, alitumia mdomo. Mdomo ulionifuta ndio utakaonirudisha. Wa kwake umeshaoza, kwa hiyo utaleta wako. Utasimama aliposimama, kanisa lote likiwepo, useme ndugu wa baba yako alikuwa na mke na watoto, na baba yako alijua. Ukishasema hivyo, jiwe lako ufanye utakavyo."

Ryan akavuta tai yake. "Mbele ya watu, Mayi?"

"Mbele ya wale wale. Ukitoa waliokufa."

Mirriam akaruka, "Mwanangu hatasimama popote!"

Mayi akamgeukia, kwa mara ya kwanza tangu 1987. "Basi simama wewe. Wewe ulikuwepo."

Nasambu, sijawahi kumwogopa mama yetu kabla ya jana.

Chifu akakohoa. Ryan akainamisha kichwa akasema atasema. Wazee wameweka Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, baada ya ibada, watu watoke kanisani waende makaburini pamoja. Mirriam amelazimishwa kuwepo. Mipaka ya shamba itapimwa siku inayofuata, na nafasi kando ya Baba imewekewa vijiti vinne. Mayi alikwenda kuviangalia. Alivisukuma kimoja kimoja kuona kama vimesimama imara, kisha akaniambia twende tukapike.

Ameniagiza nikuandikie neno moja: njoo.

Dada yako,
Nafula


Makongeni
19 Juni 1994

Dada, na Mayi wangu, ninyi wawili pamoja,

Ng'ombe wote wa Bungoma hawatoshi kununua furaha niliyo nayo. Mu wazima? Kuleni vizuri wiki hii, msije mkaugua siku ya siku. Mimi nimepoteza hamu ya chakula kwa raha tupu. Sylvance anasema nikiendelea hivi atalazimika kunijazia vitambaa.

Nilidhani mimi ndiye mwenye kisasi katika nyumba yetu. Kumbe nilirithi, na aliyenirithisha alikuwa bado hajaanza.

Sikilizeni tulichosoma jana. Mfalme wa Misri alipokufa, au hata mtu wa kawaida mwenye uwezo, kabla ya kumfungia kaburini walimsimamisha wakafanya ibada ya kumfungua mdomo. Walichukua kifaa kama tezo la seremala wakamgusa midomo, ili aweze tena kula na kusema huko aendako. Na kazi hiyo ilimpasa mwanawe, au kuhani aliyesimama mahali pa mwana. Nilimwambia Sylvance afunge kitabu, nilitaka kukaa na hilo kidogo. Mwaka mzima Baba Mkubwa amelala na uongo wake kinywani. Sasa mtoto wake mwenyewe atamfungua mdomo mbele ya kanisa, na kitakachotoka ni jina la Mayi.

Kwa hiyo nina sharti moja, dada, ulipeleke kwa Mzee Barasa. Ryan asije na karatasi. Aliwahi kusoma bila kujua anasoma nini, safari hii nataka aseme akijua. Akisahau neno, tutangoja alikumbuke. Hatuna haraka. Na awekwe mahali ambapo Mirriam hawezi kutazama kando.

Sylvance amepata ruhusa kazini na tumeshakata viti kwenye basi la Ijumaa. Nitaleta sukari na kitambaa cha Mayi. Msituwekee kitanda, tutalala nyumbani kwa Baba, hata kama ni sakafuni. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa hapo, nimesimama mbele kabisa, mkono wangu ndani ya mkono wa Mayi, nikimtazama Ryan mdomoni.

Binti yako, Mayi, na mdogo wako, dada,
Nasambu